Fumbo Lisilo na Mlengwa: Mapenzi ya Wasikilizaji wa Mackinnon Road kwa "Jino la Pembe"

Makala haya yanahusu jambo ambalo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamelizoea hata hawalioni, nalo ni mapenzi ya wasikilizaji. Tunaandika juu ya mtunzi, tunaandika juu ya fani na maudhui, na tangu miaka ya sabini tumeandika sana juu ya jamii. Msikilizaji tumemwachia mfanyabiashara wa kaseti, ambaye humhesabu lakini hamuulizi neno. Nakusudia hapa kumuuliza, na kumuuliza mahali ambapo si desturi ya wataalamu kwenda kutafuta habari za tarabu: Mackinnon Road, mji mdogo wa Kaunti ya Kwale ulio kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, ukishapita Samburu na Taru na kabla hujafika Maungu na Voi.

Albamu ninayoitumia kuwa kielelezo ni Jino la Pembe ya Zuhura Swaleh akiwa na kundi la Maulidi. Ilitolewa mwaka 1992 na GlobeStyle, kampuni ndogo ya kujitegemea ya London iliyoanzishwa na Ben Mandelson na Roger Armstrong mwaka 1985. Kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kutoa, mwaka 1990, albamu mbili nyingine za Mombasa, moja ya Maulidi Juma na moja ya Zein l'Abdin. Lakini umaarufu wa Zuhura haukuanza na albamu hiyo. Kwa miaka mingi kabla yake sauti yake ilikuwa ikisikika katika kaseti zilizorekodiwa na kuuzwa na maduka ya Mombasa, na katika baadhi ya kaseti hizo aliimba pamoja na kundi la Maulidi. Kwa hiyo msikilizaji wa Mackinnon Road anaposema kuwa anaipenda "Jino la Pembe", mara nyingi hasemi juu ya kitu kilichotoka London, ambacho pengine hajapata kukiona. Anasema juu ya kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, ambayo jina lake limeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya ubavuni, na ambayo ndani yake zimo nyimbo nyingine za Zuhura ambazo London haikuzijua. Tofauti hii ina uzito, nami nitairudia.

Yafaa kwanza nieleze kwa nini nimeuchagua mji huu. Jina lake limetokana na Sir William Mackinnon, aliyekuwa mwenyekiti wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1890 ilianza kukata njia kutoka pwani kwenda bara. Reli ikaja baadaye, na kando ya reli hiyo ya zamani upo msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, mtu wa Punjab anayesimuliwa kuwa karai la mzigo lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili Waingereza walianza kujenga hapo bohari kubwa la jeshi, kisha wakaliacha; katika miaka ya hamsini mahali hapo pakawa kambi ya kuwafungia watu waliokamatwa wakati wa Hali ya Hatari. Wenyeji ni Waduruma hasa, pamoja na watu wengine walioletwa na barabara. Ngoma yao mashuhuri, wao na ndugu zao Wadigo, ni sengenya. Huu haukuwa mji wa tarabu kwa namna ambavyo Mji wa Kale wa Mombasa ulivyo, wala Lamu, wala Unguja. Tarabu ilifika kwa basi na kwa lori, kama vilivyofika vitu vingine vingi vilivyokuwa njiani kwenda kwingine, ila yenyewe ilishuka ikakaa.

Sasa niingie katika hoja. Wataalamu wa tarabu wametufundisha, tena wametufundisha vyema, kwamba wimbo wa tarabu haukamiliki mpaka umpate mtu. Katika arusi ya Mombasa mwanamke huinuka na fedha mkononi, akaenda kumtunza mwimbaji kwa ubeti fulani, na kwa kuinuka huko akawa ameutia ubeti ule anwani. Waliokaa hujua ni nani anayesemwa, au hudhani wanajua, na hiyo dhana peke yake yatosha kuwasha moto. Kwa nadharia hii maana ya fumbo imo katika ujirani. Mtunzi hutoa maneno yenye pande mbili. Ukumbi ndio unaoamua upande upi ukate.

Kama nadharia hii ingekuwa kweli yote, kaseti ya Zuhura ingepaswa kufa mara tu iliposhushwa kwenye basi pale Mackinnon Road. Msikilizaji wa huko hamjui bibi arusi wa Kibokoni wala mke mwenza wa Majengo. Hakuwapo siku ubeti ulipotunzwa. Fumbo limemfikia bila mlengwa, kama barua iliyofutika jina la mpelekewa. Lakini kaseti haikufa. Ilipigwa mpaka utepe ukalegea, ukazungushwa kwa kalamu ya Bic na kurudishwa mahali pake, ilipokatika ikaungwa, ilipoazimwa ikagombewa. Mhakiki hana budi kueleza jambo hili. Akisema kuwa wasikilizaji hao walipenda mdundo tu na hawakujali maneno, atakuwa amewatukana bila kuwasikiliza, kwa sababu maneno ndiyo wanayoyakariri.

Maelezo yangu ni haya. Fumbo linapopoteza mlengwa wake wa kwanza linakuwa huru, na uhuru huo ndio unaopendwa. Msomaji afikirie kanga. Jina la kanga huchapwa kiwandani bila kumlenga mtu yeyote. Mchapaji wa "Mali ya Abdulla" hakumjua jirani yangu wala ugomvi wake na wifi yake. Anayenunua kanga hiyo, akaivaa siku aliyoichagua na kupita mlango aliouchagua, ndiye anayeyapa maneno shabaha. Hakuna anayesema kwamba jina la kanga halina maana mpaka turudi kiwandani kumuuliza mchapaji alimkusudia nani. Vivyo hivyo kaseti iliyofika Mackinnon Road. Mwenye hoteli huongeza sauti ya redio mtu fulani anapopita, kisha akaipunguza. Asiyehusika haoni kitu, anayehusika chai humpalia. Utingo wa basi huuchagua wimbo kwa ajili ya abiria mmoja kati ya sitini. Bibi aliyeudhiwa na mkaza mwana hatamki neno kutwa nzima, huipiga kaseti upande wa kwanza, akaigeuza, akaipiga upande wa pili. Wimbo uliotungwa kwa ajili ya mtu mmoja wa Mombasa umewafaa watu mia wasiojuana, kila mmoja kwa haja yake.

Iwapo hoja hii yakubalika, basi nadharia ya ujirani yahitaji kurekebishwa. Ujirani unaeleza jinsi fumbo linavyozaliwa; hauelezi jinsi linavyodumu. Katika ukumbi wa arusi ubeti hutumika mara moja, na ukali wake hupoa fitina inapopoa. Katika kaseti hutumika upya daima. Ndiyo maana nasema Mackinnon Road ni mahali pazuri zaidi pa kuupima ubora wa fumbo kuliko Mombasa yenyewe: kule Mombasa fumbo baya laweza kubebwa na umbea mzuri, hapa hakuna umbea wa kulibeba. Linalobaki likapendwa hapa limesimama kwa miguu yake.

Tuitazame methali yenyewe iliyoipa albamu jina. Wahenga husema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Msomaji mwenye sikio la Kiswahili atatambua mara moja kwamba methali hii imechagua neno. Kiswahili kina mwanya na kina pengo. Mwanya ni uwazi wa kuzaliwa nao kati ya meno, nao husifiwa kuwa uzuri. Pengo ni mahali palipokuwa na jino likaondoka. Anayeimbwa katika fumbo la namna hii si mtu aliyekosa, ni mtu aliyepoteza, na kilicholetwa kushika nafasi ya kilichopotea ni kitu cha thamani, tena kinang'aa kuliko jino la asili. Hapo ndipo penye uchungu. Methali ingesema jino la mti, maana ingekuwa nyepesi: kibaya hakifai badala ya kizuri. Iliposema pembe, ilisema kwamba hata kilicho ghali hakifai.

Lakini pembe ya Mombasa na pembe ya Mackinnon Road si moja. Kwa mtu wa bandarini pembe ni bidhaa: ilishuka kutoka bara kwa misafara, ikapimwa, ikapakiwa jahazini. Aliiona ikiwa imekwisha kutengana na mnyama. Kwa mtu wa Mackinnon Road, ambaye mbuga ya Tsavo haiko mbali naye, pembe ingali kinywani mwa ndovu, na ndovu huyo huja usiku kuyala mahindi na kuangusha tangi la maji. Pembe hapa si fahari ya kukosa. Ni kitu kinachomhusu mtu kwa hofu na hasara, na ambacho faida yake huenda mbali. Basi msikilizaji wa huku asikiapo habari ya jino la pembe huongeza maana ambayo mtunzi hakuiweka: kwamba hilo linaloletwa kuziba pengo langu lilitoka kwangu mwenyewe, kwa gharama yangu. Sidai kwamba kila mtu hulisema hivyo kwa maneno. Nadai kwamba taswira hiyo ina mizizi huku kuliko ilivyo nayo mjini, na kwamba mhakiki anayelieleza neno "pembe" kwa kamusi peke yake atakuwa ameandika nusu ya maelezo.

Kuhusu sauti nitasema kwa ufupi zaidi, kwa kuwa si fani yangu. Zuhura alijulikana kwa kuuingiza mdundo wa chakacha, ngoma ya arusini ya wanawake wa Kiswahili, katika tarabu, na muziki wake ulitambulikana kwa taishokoto, ile ala ya Kijapani yenye nyuzi na vitufe kama vya taipureta, ambayo Mombasa iliitwaa ikaifanya yake. Wengine wangependa niseme kwamba Mduruma huipenda chakacha kwa sababu inamkumbusha sengenya. Sina hakika na ukoo huo, na nachelea kuzifananisha ngoma mbili kwa kuwa tu zote zinachezesha kiuno. Jambo moja nalishikilia: taishokoto hustahimili kunakiliwa. Kaseti inaponakiliwa mara ya nne na ya tano, sauti nyembamba za fidla hufifia na kuwa kama upepo, lakini vitufe vile vikavu vingali vinagonga, na msikilizaji hupata mahali pa kushika. Katika redio ndogo ya hotelini, malori yakinguruma nje, hilo si jambo dogo.

Na hapo ndipo ninaporudia tofauti niliyoitaja mwanzoni, baina ya albamu ya London na kaseti ya barabarani. Msikilizaji wa London hakuwajua walengwa wala hakuijua lugha. Aliupenda mlio, na mapenzi yake ni ya kweli kwa kiasi chake. Albamu aliyonunua ilikuwa na mpangilio mmoja, jalada moja na mwaka mmoja, mambo yanayomfurahisha mkutubi. Kaseti ya Mackinnon Road haikuwa na hata moja kati ya hayo. Mwenye kaseti aliondoa wimbo asioupenda, akarudia mara mbili anaoupenda, akajaza nafasi iliyosalia mwishoni kwa wimbo wa Juma Bhalo uliokatika katikati kwa sababu utepe uliisha. Kuna wasikilizaji ambao kwao wimbo ule huishia hapo ulipokatika, na wakiusikia mzima hushtuka kana kwamba umeongezwa uongo. Tuseme nini juu ya kaseti hiyo? Je, ni nakala mbovu ya albamu, au ni toleo?

Naamini wataalamu wa tenzi wanayo majibu, ila hawakupata kuulizwa swali hili. Tunapokuta nakala mbili za Al-Inkishafi zinazotofautiana kwa beti na kwa maneno, hatuitupi moja tukasema mwandishi wake alikuwa mzembe. Tunazilinganisha, tunaandika tofauti pembeni, tunamheshimu yule mwandishi wa mkono kwa jina lake kama tukilijua. Na mfano wa Muyaka bin Haji ni mzito zaidi. Muyaka alifariki mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalihusu watu na mambo ya Mombasa ya siku zake, ugomvi wa liwali huyu na bwana yule, na yaliyafumba majina kama tarabu inavyoyafumba. Yalitufikia kwa sababu watu wa Mvita waliendelea kuyapenda na kuyasema muda mrefu baada ya walengwa kufa, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya na kumpa W. E. Taylor, kisha W. Hichens akayachapisha mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz akayafanyia uchunguzi katika kitabu chake cha mwaka 1979. Kiungo cha kwanza katika mnyororo huu hakikuwa mwandishi. Kilikuwa msikilizaji, ambaye alilishika fumbo lililopoteza mlengwa wake kwa kuwa lilimfaa yeye. Tunalolisoma leo darasani kama Muyaka ni kile ambacho mapenzi ya watu hao yalikiacha kipite.

Wapo watakaonipinga kwa kusema kwamba mapenzi si hukumu. Watu hupenda vilivyo hafifu, na wingi wa wapenzi haujapata kumfanya mtunzi kuwa bora. Nakubali. Sitaki mhakiki awe karani wa kura. Nakubali pia kwamba si kila wimbo wa tarabu ya Mombasa unastahili kazi ya kalamu, na kwamba upo utunzi mwingi ambao mizani yake ni sawa na vina vyake ni sawa na hauna kitu ndani. Mashairi ya aina hiyo Sheikh Kaluta Amri Abedi angeyapa alama zote kwa sheria zake za mwaka 1954 bila hata kuyasikia. Lakini hoja hiyo yageuka dhidi ya wanaoitoa. Katika mgogoro wa ushairi wa miaka ya sabini na themanini, wanamapokeo walihesabu mizani karatasini na wanamabadiliko wakaivunja karatasini. Wote wawili walikuwa wakibishana juu ya macho. Ubeti wa tarabu wenye mishororo mitatu na mizani kumi na sita, wenye kina cha kati na cha mwisho, huonekana karatasini kuwa kitu chembamba, na kiitikio chake huonekana kuwa kinachosha kwa kurudiwa. Anayeusikia mara ya mia hachoki na kiitikio, kwa kuwa ndani ya kurudia huko ndimo anamopata muda wa kumtazama anayemkusudia. Kasoro ya karatasini ni kazi ya sikioni. Mhakiki anayelijua hilo anaweza kuhukumu. Asiyelijua hana anachohukumu ila kivuli.

Shaaban Robert alilifahamu jambo hili mapema. Mwandishi yule mkubwa wa nathari alipochagua maisha ya kuandika, aliandika wasifu wa mwimbaji, Siti binti Saad, ambaye hakujua kusoma wala kuandika na ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kuimba katika santuri. Hakuona kwamba kuwasikiliza waliompenda Siti kulimshusha hadhi. Sisi tuliomfuata ndio tuliotenga, tukaweka ushairi chumba hiki na nyimbo chumba kile, na katika mitihani yetu tukawa tunawapa wanafunzi beti nne za wimbo zilizoandikwa kwa taipu, tukiwataka wataje dhamira tatu na ujumbe mmoja. Mwanafunzi aliyetoka Kinango au Samburu, ambaye ameusikia wimbo ule tangu utotoni na anajua mamake aliupiga siku gani na kwa sababu gani, hujifunza haraka kuuficha ujuzi huo, kwa kuwa hauna alama.

Lililo hatarini si heshima ya tarabu, ambayo haijangoja ruhusa yetu. Ni ushahidi. Utepe wa kaseti huharibiwa na joto, na Nyika ya Taru ina joto. Huharibiwa na vumbi, na barabara ina vumbi. Ule ulio karibu na bahari huota ukungu. Waliozinakili kaseti hizo miaka ya themanini sasa ni wazee. Vijana wao wanao wimbo wa Zuhura ndani ya simu, mmoja mmoja, bila upande wa kwanza wala wa pili, na pengine bila jina la mwimbaji. Mapenzi hayajapungua kwa hilo, lakini yameacha kuandika ubavuni mwa kaseti. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inazo hati za tenzi zilizokusanywa katika miaka ya sitini na J. W. T. Allen, aliyekwenda nyumba kwa nyumba kwa watu ambao hawakudhani karatasi zao ni mali. Kazi ya namna hiyo kwa kaseti haijafanywa katika barabara hii, nayo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mtu wa kukaa na mwenye kaseti, kunakili kilichomo kama kilivyo pamoja na pale kinapokatika, na kumuuliza maswali mawili: huu uliupata kwa nani, na huwa unampigia nani. Swali la pili wengi watalicheka kwanza. Mtafiti asiharakishe kuandika. Anywe chai yake mpaka wamalize kucheka.